Mrejesho: Love Cake yangu safari hii imekubali

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini Love Cake, ile keki ya Krismasi ya Sri Lanka ya semolina na korosho, ilinitokea kavu kama biskuti. Mliosema moto mkali mlipatia. Nimeshusha kutoka nyuzi 180 hadi 150, trei nikaitandika karatasi tabaka mbili, keki nikaitoa ikiwa katikati bado inanata, japo mkono uliniwasha kuirudisha. Ikalala usiku mzima. Asubuhi kisu kilikwaruza juu, kisha kikazama kwenye unyevu; iliki na kungumanga zikanukia hadi sebuleni. Puhul dosi, lile boga la sukari la kuchanganya humo, sikupata, nikapika boga kwa sukari mwenyewe. Ila aliyesema maji ya waridi vijiko viwili, hapana ndugu yangu! Nimekula sabuni.