Anapona akipiga NGAO! Huyu mama wa mkono wa dhahabu ametuchosha

Gumba la Kushoto (mleta uzi)

Wakuu, leo sina salamu.

Jina lake silitaji. Analitaja mwenyewe kila mtu anapoingia mle ndani, na ukifa anakusubiri urudi alitaje upya, kama mgombea anayeogopa wapiga kura watamsahau. Mnamjua, yule bosi wa siri, adui mkubwa wa gemu ya Elden Ring. Kofia ya mabawa, nywele nyekundu, panga refu kuliko foleni ya benki.

Sasa naomba mtu mwenye akili timamu anieleze jambo moja. Ngao umeinyanyua. Panga limegonga NGAO. Halijakugusa hata ukucha. Halafu uhai WAKE unapanda! Umejikinga vizuri, pumzi imetosha, na bado ngao yako imegeuka zahanati yake.

Na kile kitendo. Amebakiza kijistari cha uhai chembamba kuliko kope. Pigo moja tu. Pigo MOJA. Mara anaruka, anasimama HEWANI, kakunja mguu, katulia kama nguo kwenye kamba. Hapo dunia nzima inakaa kimya. Halafu anashuka na mapanga elfu nane, kila moja linakukata, na kila linalokukata linamtibu. Mpaka unafika chini, maiti, yeye kesharudisha afya aliyoipoteza tangu kuumbwa kwa ulimwengu.

Bosi wa kweli anakuua, mnamalizana. Huyu anakuua na kukunywa.

Tena ukimmaliza hujamaliza. Anaota mabawa, anarudi na uhai karibu wote, na kitu cha kwanza anachofanya ni kukuangukia kutoka juu na ua la uozo mwekundu. Tangu 25 Februari 2022 dunia inamtazama huyu mtu akifanya haya na hakuna aliyekamatwa.

Anasimama HEWANI, wakuu. Hewani!

Mzee wa Chupa

Mleta uzi, hasira zako kwa Malenia ni halali, ila ngao ndiyo inayokuponza. Anapona kwa kila pigo linalotua kwenye kitu: mwili, ngao, hata roho uliyoiita ikusaidie. Ukikaa nyuma ya ngao kubwa unamlisha kijiko kwa kijiko.

Weka ngao mgongoni, shika silaha kwa mikono miwili. Huyu mama ni mwepesi kuyumba: pigo zito likimpata katikati ya mashambulizi yake mengi anakatika. Anatoka damu vizuri, na baridi inamshika vilevile. Uzito wa mavazi usifike asilimia 70, vinginevyo unabingirika kama gunia la mahindi na hutamkwepa hata akipiga miayo. Na kiwango cha uhai kipandishe mpaka kati ya 50 na 60. Baada ya 60 kila pointi inaongeza kidogo mno, usipoteze runi zako, pesa ya gemu hiyo.

Gumba la Kushoto

Sijaomba mapishi. Nimesema anasimama hewani na anapona kwenye NGAO. Jibuni hilo.

Bingirika Tu

Hulazimiki kwenda kule! Gemu inaisha bila yeye. Umetafuta vipande viwili vya medali ya siri, umepanda lifti kubwa, umevuka theluji huoni hata pua yako, umeshuka mti mzima tawi kwa tawi, ukafungua mlango kwa mkono wako mwenyewe. Halafu unakuja kutulilia kwamba mwenye nyumba kakupiga.

FremuSitini

Kitendo cha hewani ni mawimbi matatu, na kila wimbi lina dawa yake. Watu wengi wanakufa kwa sababu wanatumia dawa moja kwa yote.

Wimbi la kwanza: akiruka tu, ondoa kufuli la shabaha linaloelekeza kamera kwake na ukimbie moja kwa moja kwenda mbali naye. Kukimbia, si kubingirika. Kama ulikuwa umebanwa kifuani pake umechelewa, ndiyo maana akishapungua kama robo ya uhai katika awamu ya kwanza hutakiwi kumng'ang'ania. Piga pigo moja au mawili, rudi nyuma, subiri. Wimbi la pili: anakufuata, bingirika KUELEKEA kwake upite chini yake. Wimbi la tatu linatoka pale pale karibu yako, bingirika mbele tena. Anaishia na mlipuko mdogo wa mapanga, usikimbilie kupiga kabla haujapita.

Wenye vyungu vya baridi: akisimama hewani mrushie kimoja. Kikimpata anaporomoka na kitendo chote kinafutika.

Jambo wasilolijua wengi: katika gemu hii mwili haubingiriki unapobonyeza kitufe, unabingirika unapokiACHIA, kwa sababu kitufe hicho hicho ukikishikilia ni cha kukimbia. Ukikikandamiza kwa hofu unachelewa fremu kadhaa, yaani picha moja moja za skrini, na kwa fremu 60 kwa sekunde kila moja ni kama milisekunde 17. Gusa na uachie. Na kama unachezea kwenye televisheni, washa hali ya michezo. Usindikaji wa picha wa televisheni nyingi unaongeza ucheleweshaji wa fremu kadhaa, halafu watu wanamlaumu bosi.

Mzee wa Chupa

Hapo kwenye kuachia kitufe umenena. Watu wanavunja kontrola kwa kutojua hilo.

Panga Pangua

Nyie mnalia kwa mtu anayejitambulisha kabla hajakupiga! Mimi nina kesi ya yule nyani wa gemu ya Sekiro, 2019 mpaka leo haijasikilizwa.

Unampiga, unamkata KICHWA. Maandishi makubwa yanatokea kwenye skrini kwamba umemuua. Muziki unakatika. Na yeye anainuka, anakiokota kichwa chake kama mtu aliyedondosha ufunguo, anaanza awamu ya pili. Maandishi rasmi ya gemu yamesema uongo! Yule mama angalau hajawahi kughushi hati ya kifo chake.

Dawa ipo. Awamu ya kwanza tumia fataki, wanyama wote zinawashtua. Awamu ya pili akianza kuinama kupiga ukelele, kimbia mbali kabisa, kwa sababu kijimstari cha hofu kikijaa unakufa papo hapo hata kama uhai umejaa. Lile pigo lake refu la kutoka juu lipangue, anaanguka, na ukiwa na mkuki kwenye mkono wa bandia mchome shingoni, unamvuta tandu aliye ndani. Na usibonyeze kitufe cha kupangua mfululizo kama unatwanga kisamvu: kila unavyorudia haraka ndivyo nafasi ya kupangua inavyopungua.

Lakini maandishi, jamani. Yamesema AMEKUFA.

Bingirika Tu

Na baadaye unamkuta tena chini bondeni, akiwa na mwenzake.

Panga Pangua

USINIKUMBUSHE.

Gumba la Kushoto

Nyani hanyonyi uhai wako. Turudi kwenye mada. Kijistari kimoja kimebaki, chembamba kuliko kope, na anaruka.

Kivuli cha Pili

Mleta uzi ita msaada basi. Ile roho inayogeuka nakala yako ya fedha ikiwa imepandishwa mpaka +10 inafaa. Gharama yake inakatwa kwenye uhai wako badala ya nguvu za uchawi, kwa hiyo kunywa chupa ya tiba mara tu ukiiita. Ila kwa huyu mama bora zaidi ni yule dada muuaji wa kisu cheusi: anakwepa sana, hivyo hamlishi, na mapigo yake yanapunguza hata kimo cha juu cha uhai wa bosi kwa muda.

Au itafute alama ya wito ya yule mchezaji mwenye chungu kichwani na panga mbili, aliyekuwa anaingia karibu uchi na kummaliza peke yake wenzake wakitazama. Mwaka 2022 mchapishaji wa gemu alimtumia upanga halisi kwa kazi hiyo. Mjiulize bosi wa namna gani anafanya mpaka raia apewe zawadi kwa kupambana naye.

NgaoKubwa

Ukiita roho hujamshinda, roho ndiyo imemshinda.

Kivuli cha Pili

Roho imewekwa ndani ya gemu na walioitengeneza gemu, kama walivyoweka huo upanga wako. Acha kiburi.

Mzee wa Chupa

Na kwa kumbukumbu, Aprili 2022 kupona kwake kulikuwa na hitilafu halisi kwenye mchezo wa pamoja, likatolewa sasisho la kuitengeneza. Kwa hiyo mleta uzi hajachanganyikiwa peke yake.

Uzi wa Hariri

Wote mnazungumzia watu wenye mapanga marefu, mimi nazungumzia mdudu. Gemu ya Silksong ilitangazwa Februari 2019, ikatoka 4 Septemba 2025, maduka ya mtandaoni yakalemewa siku hiyo hiyo. Miaka sita na nusu ya kusubiri, na ukifika unakuta mapigo yanaondoa barakoa MBILI, na barakoa ndiyo uhai wako.

Fanyeni hesabu. Unaanza na barakoa tano. Mapigo matatu ya namna hiyo umekufa. Kujitibu kunakula nyuzi tisa za hariri na kurudisha barakoa tatu, kwa hiyo tiba moja haifuti hata mapigo mawili. Watengenezaji waliwalegeza mabosi wawili wa mwanzoni siku chache tu baada ya kutoka, wakasahau kilichostahili kulegezwa: safari ya kurudi kwa bosi Hakimu wa Mwisho kila ukifa! Benchi unapoanzia tena liko mbali, njia yote ni kuruka juu ya miiba na upepo, unafika umeshachoka, na yeye anazungusha chetezo lake la moto.

Halafu ukimuua ANALIPUKA. Umeshinda, mikono inatetemeka, umebakiza barakoa moja, maiti inakuua.

Panga Pangua

Maiti inayoua baada ya kufa? Karibu kwenye chama cha nyani.

FremuSitini

Kwa wanaoteseka na pigo la chini la mshazari katika Silksong: badilisha nembo, yaani mtindo wa kupigana. Nembo ya Msafiri inapiga chini wima kama gemu ya kwanza, Hollow Knight ya 2017, na inapatikana mapema. Nusu ya malalamiko ya kuruka juu ya maadui yanaishia hapo.

Kivuli cha Pili

Mimi macho yako kwenye gemu ya Phantom Blade Zero. Kwenye maonyesho yake mng'ao wa bluu maana yake pangua, mwekundu maana yake kwepa, na ukifanikiwa unatokea nyuma ya adui. Hiyo ndiyo haki ninayoitaka: niambie ni lipi, halafu niue nikikosea. Pia hawataki iwekwe kundi moja na hizi za kupoteza runi.

NgaoKubwa

Rangi mbili, kazi ya watoto. Mimi nasubiri gemu ya The Duskbloods. Ilitangazwa Aprili 2025, Switch 2 peke yake, wachezaji mpaka wanane.

Bingirika Tu

Wachezaji wanane! Yaani badala ya mama mmoja wa kusimama hewani utakuwa na watu saba wa kukuchoma kisogoni bosi akikutazama. Naona nyuzi za malalamiko zinakuja kama mvua za masika.

Mzee wa Chupa

Kwenye mchezo wa namna hiyo intaneti ndiyo bosi wa kwanza. Tumia waya, usitegemee Wi-Fi. Ucheleweshaji ukipanda na kushuka ovyo, kukwepa kwako kunakuwa kweli kwenye skrini yako na uongo kwenye skrini ya mwenzako.

Gumba la Kushoto

Kwa hiyo hakuna anayeona tatizo kwamba anapona kwenye NGAO?

Uzi wa Hariri

Kaka, tumekusikia. Ila nina swali la dharura kwa wenye uzoefu. Huo mlipuko wa Hakimu unakwepwaje? Ukuta wa kushoto hautoshi.

FremuSitini

Pigo la mwisho usilipige ukiwa umemkumbatia. Akiyumba na kuanza kuwaka, acha kila kitu, usijitibu, kimbia mpaka ukingo wa mbali wa uwanja kwa kasi, ukifika ruka na ushike ukuta. Na uingie pambano hilo ukiwa tayari kumaliza na barakoa mbili au zaidi, si moja.

Uzi wa Hariri

Kwa kasi au kwa kuruka?

FremuSitini

Kasi kwanza, kuruka mwishoni.