Mtoto mwenye CP (mtindio wa ubongo) anajing'ata mdomo mpaka kidonda, naombeni ushauri

Habarini wazazi wenzangu, poleni na majukumu. Mwanangu ana miaka 4 na nusu, ana mtindio wa ubongo ule wa misuli kukaza, haongei. Tangu mwezi uliopita anajing'ata mdomo wa chini upande wa kushoto, taya likishakaza ndo basi tena haachii, sasa pamekuwa kidonda kabisa na kila kikianza kukauka anakitonesha. Sidhani kama ni degedege maana akijing'ata macho yanaangalia vizuri na ukimwita anageuka, dawa ya degedege anakunywa kama kawaida.

Nimejaribu kumsafisha na maji ya chumvi ya uvuguvugu, nampaka vaseline mdomo usikauke, uji nampa wa baridi. Bibi yake alimwekea kijiko katikati ya meno nikamkatalia, atavunja jino au apaliwe. Daktari wa meno tuliyemwona akasema tung'oe meno ya mbele, ni ya utoto yataota mengine. Mi roho imegoma, kwani hayo mengine yakiota si atajing'ata tena?

Maswali yangu mawili tu: kuna aliyetengenezewa kile kiplastiki cha kuvalisha meno kwa mtoto mdogo hivi, anakivumilia kweli au anakitema? Na je, aliyeanzishiwa mtoto baclofen ya kulegeza misuli, kujing'ata kulipungua?

Usiku ndo anazidisha, hatulali jamani.