Mifugo ya msaada na lishe ya watoto: ng'ombe, mbuzi au kuku?

Mpangaji: Wadau, habari za kazi. Mradi utagawa mifugo kwa kaya maskini zenye watoto chini ya miaka 5, na lengo lililoandikwa ni lishe, si kipato. Wengine wanataka ng'ombe wa maziwa, wengine mbuzi, wengine kuku. Naomba hesabu halisi: chakula kinamfikia mtoto baada ya muda gani, mambo hukwama wapi, na tupime nini?

Tabibu wa Mifugo: Mkuu, anza na hali ya mnyama siku anapokabidhiwa. Mimba ya ng'ombe ni siku 280 hivi, kwa hiyo mtamba (jike ambaye hajawahi kuzaa) asiye na mimba ni karibu mwaka mzima wa kulisha bila tone la maziwa. Gawa mwenye mimba ya miezi 6 au 7, kaya isubiri miezi 2 au 3. Mbuzi hubeba siku 150.

Halafu malisho. Ng'ombe wa kilo 400 hula takriban 3% ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 12, ukiondoa maji yaliyomo kwenye majani. Majani mabichi ni maji kwa karibu 80%, hivyo zinakatwa kilo 60 kila siku. Ongeza maji ya kunywa, lita 50 na zaidi akiwa anakamuliwa. Mzigo huo mara nyingi humwangukia mama, yule yule mnayemtegemea amlishe mtoto mara kadhaa kwa siku. Mbuzi wa kilo 40 anatosheka na kilo 8 hivi za majani mabichi. Kwa kaya isiyo na shamba la malisho, ng'ombe wa kisasa ni mtego: atakonda, maziwa yatakata, atauzwa.

Afisa Lishe: Naongezea upande wa kikombe. Maziwa yakianza kutoka, yanavutwa na soko. Kinachosaidia ni kukubaliana kabla ya kukabidhi, baba na mama wote wakiwepo: ya asubuhi yauzwe, ya jioni yabaki. Kikombe cha mililita 250 kina protini gramu 8 na kalsiamu miligramu 300 hivi, lakini madini chuma karibu hakuna. Kwa hiyo mtoto chini ya miezi 6 anyonye tu, na kabla ya miezi 12 maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu. Hapa msaada unaweza kudhuru: maziwa yapo ndani, basi mtoto anaachishwa ziwa mapema.

Yachemshwe, kwa sababu ya brusela (ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu) na kifua kikuu. Lakini kuchemsha hakuondoi sumukuvu. Mahindi yenye ukungu yaliyokataliwa na watu yakipewa ng'ombe, sehemu ya sumu inarudi kwenye maziwa.

Mfuga Kuku: Naona kuku wanadharauliwa. Utafiti wa Ecuador uliochapishwa 2017 uliwapa watoto wa miezi 6 hadi 9 yai moja kila siku kwa miezi 6, na udumavu ukapungua. Wa Malawi uliofuata, 2019, haukuona tofauti kubwa ya urefu. Watoto wale walikuwa tayari wanakula samaki kwa wingi. Yai linaziba pengo palipo na pengo.

Sasa piga hesabu. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Yai moja kwa siku linataka kuku 7 au 8, na hapo hakuna lililoachwa kuatamiwa. Ukigawa kuku 2 umegawa picha. Chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, irudiwe kila miezi 3 au 4, na anzeni kabla ya msimu wa ugonjwa. Ukishaingia bandani umechelewa.

Afisa Lishe: Na banda liwe nje ya nyumba ya kulala. Mtoto anayetambaa huokota kinyesi cha kuku. Vimelea vikiingia utumbo unavimba, na chakula kizuri kinapita bila kufyonzwa.

Mpangaji: Asanteni. Na vipimo?

Mtathmini: Msihesabu mifugo iliyo hai. Ulizeni mtoto wa miezi 6 hadi 23 alikula nini jana, mchana na usiku: kiwango cha WHO na UNICEF ni angalau makundi 5 ya chakula kati ya 8, maziwa ya mama yakiwa kundi mojawapo. Rudieni msimu ule ule, la sivyo mtapima mvua. Kipimo cha utepe wa kuzungushwa mkono wa juu wa mtoto (chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo, chini ya 11.5 ni mkali) hubadilika mapema kuliko urefu.

Linganisheni na kaya zilizo kwenye orodha ya kusubiri. Ila kama mna utaratibu wa kumpa jirani jike la kwanza linalozaliwa, hakikisheni halivuki kwenda kwenye kaya hizo kabla ya kipimo cha mwisho. Na mbuzi wa nyama waandikeni chini ya kipato: huuzwa kukiwa na dharura, huchinjwa kwa nadra.