Naomba ushauri: chakula cha jioni cha mama kutimiza miaka 60, Kigoma mjini

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Mama yangu anatimiza miaka 60 mwezi ujao. Ni mtu wa Ujiji, kazaliwa huko, kakulia huko, na maishani mwake hajawahi kukaa mezani akahudumiwa. Yeye ndiye huwa jikoni. Safari hii tumekubaliana hagusi mwiko.

Tutakuwa watu tisa, wawili watoto. Nimefikiria Lake Tanganyika Hotel kwa sababu iko chini kabisa ziwani, na huku kwetu jua linazama karibu saa moja, likididimia nyuma ya milima ya Kongo. Dada anataka Hilltop, anasema mandhari ya juu hayana mpinzani. Sawa, lakini mama magoti yanamsumbua. Kuna ngazi nyingi kufika mezani?

Shida yangu kubwa ni samaki. Mama ukimletea kuku na chipsi atatabasamu tu, halafu akifika nyumbani anasonga ugali wa muhogo. Anataka mgebuka au kuhe, mbichi wa siku hiyo, aungwe kwa mawese. Je, hotelini wanakubali ukipeleka samaki wako kutoka Kibirizi wakupikie?

Mwaka jana mahali fulani tulisubiri saa mbili nzima, wali ukaja wa baridi. Kwa hiyo nataka kuagiza mapema. Kuweka oda siku moja kabla inatosha?

Na keki, mnaruhusiwa kuingia nayo?