Nimelipia linki 150, zote ni nofollow. Zinapandisha tovuti kweli?

MzingaWaTabora:
Wakuu, habari za jioni. Nina tovuti ya kuuza asali ya Tabora, ina miezi minane sasa. Mwezi uliopita nilimlipa kijana mmoja shilingi 120,000 aniwekee linki 150 za kuja kwangu ili nipande Google. Jana usiku nikakaa na orodha aliyonitumia, nikafungua ukurasa mmoja mmoja na kuangalia msimbo wake. Kila linki ina rel="nofollow", ile alama ya kuiambia Google isiihesabu. Nyingi zimebandikwa kwenye maoni chini ya makala za watu, na moja iko chini ya makala ya Kirusi ya vipuri vya magari: "Asali safi, bonyeza hapa." Nikitafuta "asali ya Tabora" Google bado niko ukurasa wa nne, palepale nilipokuwa. Hela ile ilikuwa ya chupa na vifuniko. Naomba ukweli, zina faida?

FundiTovuti:
Pole sana mkuu. Kwa kupanda Google, hizo usizitegemee. Nofollow ilikuja Januari 2005, Google wakiungana na Yahoo na MSN, injini nyingine za kutafuta, kwa sababu ya mchezo huohuo wa kumwaga linki kwenye maoni. Maana yake ilikuwa: linki hii isihesabiwe. Septemba 2019 Google wakalegeza kidogo, wakasema wataichukulia kama dokezo, kwa hiyo wakiona inafaa wanaweza kuizingatia. Lakini linki ya asali chini ya vipuri vya magari, nani aizingatie?

MamaMapishi:
Naongezea, maana watu wakisikia hivi wanazikimbia nofollow zote. Linki za nje za Wikipedia ni nofollow, za Facebook vilevile, na bado watu wanazifuata. Mimi niliweka pishi langu la mkate wa kumimina kwenye kundi la wapishi. Wakaja, wakapika, na wawili wakaandika kwenye blogu zao wakaniwekea linki za kawaida, zisizo na nofollow. Baada ya hapo ndipo nilipoanza kupanda.

MzingaWaTabora:
Asante dada. Sasa hizi 150 nihangaike kuzifuta? Na yule kijana anasema nikiongeza hela ataniwekea zisizo na nofollow.

FundiTovuti:
Usizihangaikie, ziache zilivyo. Ila hiyo ofa ya pili ikatae kabisa! Kununua linki zisizo na alama ili upande ni kinyume cha sera za Google, na tovuti inaweza kushushwa. Linki ya kulipiwa inatakiwa iwe na alama ya "sponsored" (yaani imelipiwa) au nofollow. Hela iliyobaki piga picha nzuri za mizinga ya magome, eleza asali ya nyuki wa miombo inavyorinwa. Kisha waombe wateja wako wenye tovuti wakutaje.

MzingaWaTabora:
Kuna mwoka mikate Dodoma anachukua madumu mawili kwangu kila mwezi, na ana tovuti. Nampigia kesho asubuhi.