Ankara imeandikwa "Bakapu: RAID 5", na leja ya saccos yetu imepotea!

Wakuu, nina hasira na sizunguki. Nawasema hawa makandarasi wanaofunga seva, wanapiga picha rafu inavyong'aa, wanachukua chao na kuondoka bila kuweka njia hata moja ya kukujulisha diski ikifa.

Saccos yetu iliuziwa seva ya Linux yenye diski nne za TB 4. Wakapanga RAID 5 (diski kadhaa zinafanya kazi kama moja, ili moja ikifa data ibaki) kwa mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, wakajisifu tumepata TB 12. Za nini? Leja na fomu zote za wanachama hazijazi hata TB 1! RAID 6 ingetuachia TB 8 na kuvumilia diski mbili kufa. RAID 5 inavumilia moja tu.

Mimi ni mwanachama, niliitwa mambo yalipoharibika. Nikaendesha mdadm --examine, inayosoma taarifa za RAID zilizo kwenye kila diski. Moja "Update Time" yake, yaani mara ya mwisho taarifa hizo kusasishwa, iliishia Machi. Machi, jamani! Tangu siku hiyo /proc/mdstat, faili la hali ya RAID, ilikuwa inaonyesha [UU_U] (kila U ni diski inayofanya kazi, _ ni iliyokosekana) na hakuna aliyejua, maana nani anakaa kufungua faili hilo? Kazi hiyo ni ya mdadm yenyewe. Unaweka anwani ya mtu kwenye MAILADDR ndani ya mdadm.conf, unahakikisha seva inatuma barua pepe, unajaribu kwa mdadm --monitor --scan --oneshot --test. Kwetu pameachwa "root" (akaunti ya msimamizi wa seva) kama palivyokuja, na barua za root hakuna anayezisoma.

Diski ya pili ilipotoka, matumaini bado yalikuwepo. Hiyo ilikuwa nyuma kidogo tu ya wenzake, na --assemble --force, amri ya kulazimisha diski za RAID ziungane tena, ingeweza kuirudisha. Nikawaambia wasiguse kitu mpaka diski zote zikopiwe. Asubuhi yake nakuta kijana wao ameshapiga --create, amri ya kuunda RAID mpya, juu ya zote nne, pamoja na ile ya Machi! Programu ilimwonya kwamba diski hizo tayari zina RAID, ikamuuliza kama aendelee. Akabonyeza y. Diski ya mwisho ikaanza kuandikwa upya.

Na RAID si bakapu! Ukifuta faili kwa bahati mbaya, limefutika kwenye diski zote papo hapo. Bakapu ni nakala iliyo mahali pengine, na hawakutuwekea hata moja. Sasa hivi kuna mama muuza samaki mkopo wake umesimama, karani anapekua stakabadhi za karatasi kutafuta michango yake.

Mnaotaka kununua seva: kabla ya kusaini makabidhiano, mwambieni fundi achomoe diski moja mbele yenu, wakati seva bado haina data, msubiri barua pepe. Isipoingia, msisaini.

Na nyie makandarasi, mnajijua. Leteni mtaalamu wa kuokoa data kwa gharama zenu, aanze kwa kukopi diski zote nne kabla ya kujaribu chochote. Malipo yaliyobaki hamyapati mpaka leja ionekane.