Themomita ya mtambo haitulii kwenye 78: nakosea wapi?

tone_kwa_tone: Wakuu, naomba msaada. Nina mtambo wa kukeneka pombe kali, wa chungu cha lita 25, ndani nimetia lita 20 za pombe ya sukari yenye asilimia 10. Kila mahali nasoma kwamba alkoholi huchemka nyuzi 78, basi joto lishikiliwe hapo. Kwangu tone la kwanza linatoka themomita ikisoma 89, kisha inapanda hadi 96 hata nikipunguza moto. Themomita mbovu, au moto ni mkali mno?

Bomba Refu: Themomita yako ni nzima. Nyuzi 78.4 ni za ethanoli tupu, yaani alkoholi ya kinywaji isiyo na maji, na wewe huna ethanoli tupu, una maji yenye alkoholi kidogo. Mchanganyiko wa asilimia 10 huanza kuchemka karibu na 92 au 93. Ukilazimisha chungu kikae 78 hakitachemka kabisa. Mvuke ukigusa kuta za kifuniko, sehemu yake hupoa na kurudi chini, ndiyo maana juu unasoma pungufu kidogo.

Joto linapanda kwa sababu alkoholi inapungua chunguni. Moto haupangi joto la mchemko, unapanga kasi ya matone tu. Ukiwa na mtambo wa aina hii, isome themomita kama saa: inakwambia umefika wapi. Mvuke ukifika 98, kinachotoka kina takriban asilimia 20 tu. Wengi huzima hapo.

Mzee wa Shaba: Naongeza kuhusu mahali pa kuiweka, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Ncha ikae usawa wa tundu ambako mvuke unaingia bomba la kupoozea. Ikiwa juu zaidi inasoma pungufu, kwa kuwa mvuke hauizunguki vizuri. Ikishuka karibu na pombe inarukiwa na matone ya moto na kusoma zaidi. Zile za saa zenye mshale hupima kwa urefu wa sentimita kadhaa za fimbo, si kwa ncha pekee, kwa hiyo fimbo fupi iliyoishia ukutani inapima joto la chuma.

Ihakiki kabla ya kazi: barafu iliyopondwa na maji kidogo isome 0, maji yanayochemka yasome 100. Ukiwa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari maji huchemka karibu na 95, na namba zote za mtambo zitashuka vivyo hivyo.

Ya zebaki usiitumie kabisa. Ikipasuka ndani ya chungu, mwaga yote. Tundu lizibwe kwa silikoni inayofaa kwa chakula, si gundi wala mpira wa kawaida, kwa sababu mvuke wa alkoholi huvilainisha na ladha yake inaingia kwenye kinywaji.

tone_kwa_tone: Nimeelewa, asanteni. Na methanoli, ile alkoholi yenye sumu? Huchemka 64.7, kwa hiyo nikitupa kila kinachotoka kabla ya 78 nimeiondoa?

Bomba Refu: Hapana, ndugu, na hili tafadhali lishike. Ndani ya maji na ethanoli, methanoli haitoki peke yake kwa joto lake. Husambaa tangu mwanzo hadi mwisho. Themomita haikuokoi. Pombe ya sukari huwa nayo kidogo sana, kwani chanzo chake kikuu ni pektini ya matunda. Mililita 100 za kwanza tunazitupa kwa ajili ya asetaldehaidi na ethili asetati, ile harufu kali ya gundi. Baada ya hapo kinga kwenye chupa za mililita 200, zipange kwa namba, zinuse kesho yake.

Mzee wa Shaba: Kama unayo themomita ya pili, ipeleke kwenye maji yanayotoka kwenye kipoozeo. Yakipanda ghafla, maji yamekatika au moto umezidi, na mvuke usiopozwa ukifika jikoni penye moto wazi unalipuka. Zima kwanza, chunguza baadaye. Kipimapombe nacho kimepangwa kwa nyuzi 20: kila nyuzi 3 zaidi huongeza takriban asilimia 1 ya uongo. Na uliza sheria ya unakoishi, nchi nyingi zinadai leseni hata kwa chupa moja.